Tafakari ya juma: Usiifiche pepeta yako

Jai Shri Krishna, ndugu zangu.

Juma hili tafakari yangu inatoka Dwarka, mji wa hija wa Wahindu ulioko kwenye ncha ya magharibi ya Gujarat, India, pale mto Gomti unapoingia katika Bahari ya Arabuni. Ni mmojawapo wa miji 7 mitakatifu, tena ni mmojawapo wa vituo 4 vikuu vya hija, Char Dham. Wazee wetu wengi waliofika Zanzibar na Mombasa kwa majahazi ya kaskazi walitoka upande huo huo wa pwani, Porbandar na Mandvi. Ndiyo maana picha ya Dwarkadhish, yaani Krishna, Bwana wa Dwarka, imetundikwa katika nyumba zetu nyingi ambazo hakuna mtu aliyewahi kulitia jicho hekalu lenyewe.

Kutoka ukingo wa Gomti unapanda ngazi 56 mpaka Swarga Dwar, Mlango wa Mbinguni. Hekalu lina ghorofa 5 zilizobebwa na nguzo 72. Lile la awali lilibomolewa katika karne ya 15, zama za Sultani Mahmud Begada, na waumini wakalijenga upya. Juu kabisa ya mnara inapepea bendera yenye jua na mwezi, kitambaa ambacho kwa desturi urefu wake ni gaj (yadi) 52. Hubadilishwa mara kadhaa kwa siku, na kila bendera ni sadaka ya familia fulani iliyongoja zamu yake. Wanakuja nayo kichwani, kwa ngoma na nyimbo, kina mama wakicheza, halafu mpandaji anaukwea nayo mnara huku umati mzima umeinua shingo. Furaha ile ni ya kweli, na mwenye uwezo wa kuitoa aitoe.

Lakini ukiwa chini pale, mkononi huna ila majani machache ya tulsi, mrehani wetu mtakatifu, uliyoyanunua njiani, ni rahisi kujiuliza: mimi nimemletea nini mwenye jumba hili?

Sudama alijiuliza hivyo hivyo. Kisa chake kimo katika Bhagavata Purana, maandiko yanayosimulia maisha ya Krishna, kitabu cha 10, sura ya 80 na 81. Alikuwa maskini wa kutupwa, rafiki wa Krishna tangu waliposoma pamoja kwa mwalimu Sandipani. Mkewe alipomsihi aende Dwarka, yeye alitaka tu awe na chochote cha kumpelekea mwenzake. Mke akaomba kwa majirani konzi 4 za pepeta, ule mchele uliopondwapondwa kama wanavyoufanya Pemba, akaufunga kwenye kitambara. Sudama akaenda nao kwa miguu.

Krishna alimwona kwa mbali, akaruka kitandani kwenda kumkumbatia. Akamkalisha pale alipokuwa amekaa yeye, akamwosha miguu, akajitia maji yale kichwani. Rukmini mwenyewe, mke wa Krishna, akashika kipepeo akimpepea. Wakaanza kukumbushana siku walipotumwa kuni, mvua ikawakuta msituni, wakashikana mikono usiku kucha wasijue njia. Muda wote huo Sudama hakutoa kile kifurushi. Katika jumba lile, mbele ya malkia, aliionea haya pepeta ya kuombaomba.

Krishna ndiye aliyeuliza: umeniletea nini kutoka nyumbani? Sudama akainamisha kichwa. Na hapo Mola akatamka aya ile ile tunayoisoma katika kitabu chetu kitakatifu cha Gita, sura ya 9, aya ya 26: anayenitolea kwa upendo jani, ua, tunda au maji, mimi naipokea sadaka yake. Kisha akalinyakua lile furushi kwa mkono wake, akatia konzi moja mdomoni. Alipotaka kula ya pili Rukmini akamshika mkono, maana ile moja ilikuwa imeshatosha kumpa Sudama neema ya hapa na ya huko.

Kisa hiki kinanigusa kwa sababu ya vijana wetu. Wamezaliwa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala. Kisanskriti hawakijui, Kigujarati chao ni cha kuokoteza, na wakati wa aarti, ibada ya kuzungusha taa, wanasimama nyuma kabisa karibu na viatu, wakichezesha midomo. Wengine wameacha kuja. Nasema kwa uchungu kwamba sisi wakubwa tumewaonyesha, kwa macho na kwa kuwasahihisha mbele za watu, kwamba walicho nacho hakifai kuletwa.

Nani kasema hakifai? Mwanangu, kama ombi linakujia kwa Kiswahili, lipeleke kwa Kiswahili. Kama unajua mstari mmoja tu wa bhajan, wimbo wa ibada, imba huo mmoja. Kama umetoka kazini usiku umechoka, ukawasha diya, kile kitaa kidogo cha ibada, kwenye chumba cha kupanga na kukaa nayo dakika chache, hiyo ni sadaka kamili.

Ukivuka kwenda kisiwa cha Bet Dwarka, wanapoamini marafiki hawa walikutana, utawakuta mahujaji wakitoa mchele kwa kumkumbuka Sudama. Na nje kidogo ya mji, katika hekalu la Rukmini, sadaka inayotolewa ni maji ya kunywa, kwa kuwa maji ya ardhi ile yana chumvi.

Katika satsang yetu ijayo, mkusanyiko wetu wa ibada, naomba kijana mmoja atusomee aya hiyo ya Gita kwa Kiswahili, akiwa amesimama mbele. Wazee tutaitikia.