Nilivyomzoesha twiga kunipa mguu wake

Twiga akianza kuchechemea, wa kwanza kujua anapaswa kuwa yule anayefagia banda lake. Kwa Shani, mfagiaji ni mimi, nami nilichelewa. Siku nilipoinama kuokota tawi ndipo nilipoona kwato zake za mbele zimerefuka na kuinuka kama pua ya mtumbwi.

Porini twiga hutembea kutwa juu ya ardhi ngumu, kwato zikajisaga zenyewe. Bandani anatembea kidogo, tena juu ya mchanga laini, na chakula cha nafaka kikizidi majani, kwato huharibika upesi. Ncha ikirefuka, uzito wote hurudi kisiginoni. Jike kama Shani ana kilo 800 hivi. Viungo vyake visingevumilia muda mrefu.

Mtu akiuliza kwa nini tusimchome sindano ya usingizi tukamaliza kazi siku moja, nitamjibu kwamba kwa twiga sindano hiyo ni kamari. Shinikizo la damu yake ni karibu mara mbili ya letu, kwa kuwa moyo lazima usukume damu hadi kichwani kupitia shingo ndefu kiasi kile. Akianguka vibaya anaweza kuvunjika. Akilala shingo ikajikunja, au majani aliyokuwa akicheua yakarudi kooni na kuingia njia ya hewa, umempoteza. Daktari wetu alisema dawa hiyo tuiweke kwa siku ambayo hatutakuwa na njia nyingine. Basi ilibaki kumzoesha atoe mguu mwenyewe, na kazi hiyo nikaiomba.

Niliianza ndani ya kazi zangu za kila siku. Asubuhi nahesabu wanyama, kisha napita kila komeo na kila kufuli nikivishika kwa mkono, maana macho huzoea kuona mlango umefungwa hata siku uliyousahau. Baada ya hapo natazama kinyesi. Cha twiga mzima wa afya ni vidonge vikavu, kama kokwa za tende. Vikigandamana kama tope, namwita daktari kabla sijafanya jingine. Naangalia kama anacheua, kama amemaliza majani ya jana, kama ameanza kulamba ukuta. Hilo la mwisho huniuma sana. Ulimi wa sentimita 45 hivi umeumbwa kuchambua majani katikati ya miiba, ukikosa kazi huenda kuitafuta kwenye vyuma na saruji. Ndiyo maana matawi nayatundika juu, na mengine nayatia ndani ya wavu wa matundu madogo, ayahangaikie.

Mafunzo yenyewe niliyaanza kwa kipenga. Kikilia, anapata kipande cha karoti. Siku kadhaa tulifanya hivyo tu bila kumtaka lolote. Kipenga kina faida moja kubwa: kinamwonyesha mnyama tendo lenyewe, palepale alipolitenda, hata kama karoti itachukua sekunde mbili kufika kule juu. Wanaofunza pomboo hukitumia kwa sababu hiyohiyo, kwani huwezi kumpa samaki akiwa bado hewani. Baadaye nikaleta fimbo ndefu yenye boya jekundu. Akiligusa kwa pua, kipenga. Kwa fimbo hiyo nikaweza kumsogeza hadi kwenye uzio na kumtuliza pale.

Chakula chake cha kawaida sikukipunguza hata siku moja. Karoti ilikuwa nyongeza, na asipotaka kuja aliachwa.

Tulifanya kazi wawili. Mwenzangu alisimama juu ya jukwaa usawa wa kichwa, akilisha na kutazama masikio na macho. Mimi nilikuwa chini, nyuma ya uzio wenye tundu la kupitishia mguu, kwa sababu teke la twiga linaweza kumuua simba. Mwenzangu akisema "acha", naacha hapohapo bila kuuliza. Niligusa goti kwa ufito, nikashuka kidogo kidogo hadi kwenye ukwato, kisha nikaweka gogo bapa mbele ya tundu na kungoja. Siku alipolikanyaga kwa bahati, kipenga kililia na mwenzangu akampa konzi nzima ya karoti. Kesho yake alikuja moja kwa moja akakanyaga tena.

Hapo ndipo nilipoharibu. Daktari alikuwa anakuja kutazama, nami nikaogopa Shani asije akaondoka katikati. Nikafunga lango la nyuma yake. Alilisikia komeo likigonga, akageuka, akaona njia imezibwa, akapiga teke ubao ukapasuka. Nilipolifungua alitoka mbio, na kwa wiki tatu hakukaribia tundu lile. Fimbo nyekundu akiiona tu, alisimama mbali, shingo wima, masikio yamenielekea. Hakuna aliyenilaumu, lakini nilijua nimefanya nini.

Mzee aliyenifundisha kazi hii alikuja akasimama nami pembeni ya uzio. Akasema, "Mwanangu, ling'oe lile komeo. Na yeye akuone ukiling'oa." Sijui Shani alielewa kiasi gani, ila nililing'oa akitazama. Toka siku hiyo lango la nyuma hubaki wazi kila tunapofanya mazoezi. Tukarudi kwenye kipenga na karoti, kana kwamba hatujaanza.

Safari hii tulikwenda haraka kuliko nilivyotarajia. Tupa, kile chuma cha kusugulia kwato, nilimwonyesha kwanza, akainusa. Kisha nikaisugua kwenye gogo azoee mlio wake. Kisha mara moja kwenye ukwato, kipenga. Mara mbili. Vipindi havikuzidi dakika 10, na vingi vilikuwa vifupi zaidi. Siku daktari alipokata ncha ya kwanza kwa kisu cha kwato, Shani aliuondoa mguu, akatembea hadi katikati ya uwanja, akasimama pale akitutazama. Hatukumwita. Baada ya muda alirudi, akauweka mguu uleule juu ya gogo.

Kwato zote mbili za mbele sasa zinakaa chini sawasawa, na hachechemei. Za nyuma ni kazi nyingine, kwa kuwa hawezi kuona ninachofanya huko, na mkono wangu ukipita nyuma ya goti bado anatikisa mkia. Jana aliniachia nihesabu hadi nne kabla hajausogeza mguu. Leo mchana tutaanzia tatu.