Video ya Lava na Mama Mwenye Ngazi

Mei 2021 chaneli yetu ya YouTube ilikuwa ikiishi kwa harusi na mahari. Familia inatulipa tupige picha, mdogo wangu anafanya montaji, tunaweka mtandaoni ili mashangazi walioko Ulaya waone mahari ikihesabiwa, na katikati tunapachika tangazo la duka la vitenge la Birere. Pesa za YouTube zenyewe zilikuwa nyongeza. Wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa, ambazo YouTube ilidai kabla ya kugawana pesa za matangazo, tulikuwa tumeshavuka, lakini akaunti ya malipo iliandikishwa Kampala kwa jina la shemeji yangu, maana Google hutuma namba ya kuthibitisha anwani kwa barua ya posta, na mimi tangu nizaliwe sijaona mtu wa posta akibisha mlango hapa Goma, mashariki ya Kongo.

Jumamosi tarehe 22 tulikuwa mtaa wa Majengo, kwa mama mmoja aliyekuwa anaoza binti yake. Bei ilikuwa bado inagoma. Yeye anataka kamera mbili kwa bei ya moja, mimi nahesabu mafuta ya jenereta. Giza lilipoingia, mtoto akatuita nje. Mbingu juu ya Nyiragongo, volkano yetu, ilikuwa nyekundu, na watu wazima waliokumbuka Januari 2002, lava, ule uji wa moto wa mlima, ilipopita katikati ya mji, walikuwa tayari wanafunga mabegi. Umeme ukakatika.

Mama alikuwa na nyumba ya ghorofa ambayo haijamalizika, na ngazi ya mbao iliyopanda hadi kwenye zege la juu. Mdogo wangu alikuwa ameshaikanyaga kabla sijasema neno. Mama alishika ngazi kwa chini, akiutukana mlima na sisi pamoja: "Mushike muzuri! Mukianguka hapa, nani atawabeba?" Alikuwa anawangoja wajukuu wake waliokuwa njiani kutoka mtaa wa Virunga, hawezi kuondoka bila wao, basi akaona heri atushikie.

Kule juu kamera ilikuwa inatafutatafuta gizani, picha inakuja na kupotea. Mdogo wangu akazima fokasi ya otomatiki, akazungusha lenzi kwa mkono hadi ukingo wa lava ukakaa sawa: mstari mwekundu ukishuka upande wa Buhene, na chini yetu barabara imejaa watu, magodoro kichwani, pikipiki moja imebeba watu wanne na mbuzi. Tulipiga dakika chache tu. Wajukuu walipofika sote tukashuka mjini.

Ugomvi wetu ulikuwa Birere, karibu na mpaka, ambako laini za Rwanda zinashika hata ukiwa upande wetu. Mdogo wangu alitaka kurusha video papo hapo. Mimi nikakataa mpaka jina la chaneli liwekwe katikati ya picha, juu ya ule wekundu. Jina la pembeni watu hulikata mara moja.

"Yaya, wengine wanatutangulia!" Yaya kwetu ni ndugu mkubwa.

"Wacha watutangulie."

Aliweka jina huku akininunia, watu wakitupita kukimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda.

Asubuhi tulisikia lava imesimama karibu na uwanja wa ndege. Simu yangu ilikuwa imejaa ujumbe. Televisheni moja ya nje iliandika: pole, uko salama, wewe ndiye uliyepiga hii, tunaomba kuitumia kwenye majukwaa yetu yote, bila kikomo cha muda, tutataja jina lako. Pole ilikuwa mstari mmoja, masharti yakajaza skrini. Nikajibu kwamba ni dola 150, kwa wiki moja. Wakasema hawana bajeti ya picha za wananchi. Televisheni nyingine niliyoipa bei ileile ilikubali bila maneno mengi, ndipo nikajua niliomba kidogo.

Wale wa kwanza waliitumia hivyo hivyo. Waliikuza picha hadi jina letu likatoka nje ya skrini, wakaandika chini "mitandao ya kijamii". Sauti, hata hivyo, waliiacha. Mtu yeyote anayejua Kiswahili cha kwetu angemsikia mama akiuliza nani atawabeba.

Tarehe 27, matetemeko yakiwa hayaishi, serikali ya kijeshi ya mkoa ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Tuliishia Sake, na pale, nikiwa nimekaa juu ya gunia la makaa, nikajaza fomu ya YouTube ya madai ya hakimiliki dhidi ya ile nakala ya televisheni ya kwanza. Inataka jina lako kamili na anwani, na dai la uongo linaweza kukufikisha mahakamani, kwa hiyo wengi wetu huiogopa. Lakini chaneli kubwa nazo huiogopa: onyo moja hukaa siku 90, na maonyo matatu hufuta chaneli. Nakala ikaondolewa. Pesa hawakutoa.

Na video yetu wenyewe, iliyotazamwa kuliko zote tulizowahi kuweka, ilipewa alama ya dola ya njano: matangazo machache, kwa sababu wenye bidhaa hawataki kukaa karibu na maafa. Mwezi ule mahari moja ya Himbi, ambayo hata sisi tulikuwa tumeisahau, iliingiza zaidi ya volkano. Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka, maana kodi ya chumba ilikuwa imefika.

Zile dola 150 zililipwa Kampala, shemeji akazituma kwa mtu. Nikarudi Majengo kumalizia mambo ya harusi. Mama alikuwa ameshaiona video kwa jirani.

"Ile sauti ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

"Na ngazi?"

Nikatoa dola 20. Akaiinua kwenye mwanga, akapata mpasuko wa punje ya mchele pembeni. "Hii haipiti ku soko. Leta ingine."

Nikampa nyingine, ile iliyopasuka nikairudisha mfukoni. Mama akaikunja ile nzima, akaifunga kwenye kitenge, tukaanza upya habari ya kamera mbili. Safari hii alitaka na ya tatu, ikae juu ya zege.