Mikono Misafi ya Mwanangu

Leo siku ya tatu masika yametufungia ndani. Tanga ikinyesha hivi, njia ya kwetu inageuka mto, na chekechea wamefunga, kwa hiyo nimebaki na mtoto wa miaka minne anayeniuliza kila baada ya dakika kumi kama mvua imekwisha. Sasa amelala. Niandike kabla hajaamka, maana wiki hii kuna jambo nimeliona kwenye mikono yake na bado linanizunguka kichwani.

Juzi nilitaka kufanya kama nilivyoona kwenye simu. Mchele unatiwa rangi, nyekundu huku, bluu kule, unamwagwa kwenye trei, mtoto anachota na kumimina. Nikapima kilo 1 kwenye sinia. Mama mkwe alikuwa kibarazani anachambua choroko. Akaniangalia, akaliangalia sinia.

"Mwanangu, mchele huo tunaula au tunauchezea?"

Basi. Nikaurudisha kwenye ndoo. Wala sikununa, kwa sababu na mimi nimelelewa hivyo hivyo, punje ikidondoka unaiokota, na kwa bei ya mchele ya siku hizi moyo ulikuwa umeshaanza kunisuta kabla hajasema neno.

Ila ni yeye huyo huyo aliyenitoa kwenye shida. Adhuhuri alikuna nazi 2, akakamua tui, na alipokuwa anataka kuwamwagia kuku machicha akasita. "Mpe hayo achezee. Kuku watasubiri."

Machicha ya nazi yakishakamuliwa sawasawa yanakuwa mepesi, yanachambuka vidoleni kama pamba yenye unyevu, na harufu yake sina haja ya kukueleza. Nikayagawa mafungu 3. Moja nikaliacha jeupe, moja nikalitia manjano, la tatu nikalinyunyizia maji ya rosela iliyochemshwa, likatoka na rangi ya waridi. Nikatandika mkeka, nikapanga vifuu na upawa. Nikamwita.

Akaja, akachungulia, akaficha mikono mgongoni. "Mama, yananata."

Huyu mtoto ugali anakula kwa kijiko. Mchuzi ukimgusa kidole anainua mkono juu mpaka afutwe. Mwalimu wake aliwahi kuniambia, "Mwanao msafi sana," nami nikarudi nyumbani nimevimba kichwa.

Nikampa upawa. Hapo akakubali. Alichota, akajaza kifuu, akamwaga, akajaza tena, karibu nusu saa, bila kugusa hata chembe. Kisha machicha kidogo yakamdondokea mguuni, nami kabla sijafikiri nikawa nimeshasema, "Aa! Chafu hiyo!" na pindo la kanga liko mkononi tayari.

Mama mkwe hakuinua hata uso kutoka kwenye ungo. "Si wewe unayemfuta kila saa?"

Lilinichoma, nisidanganye. Mimi umri wake nilikuwa nashinda kwenye udongo wa kichuguu. Tulifinyanga vyungu, tukapika majani ya mwarobaini tukayaita mchicha, tukaita wageni, na jioni tukaogeshwa kwa nguvu na dodoki. Hakuna aliyeita somo. Lakini kule kukanda na kukamua kulitupa vidole. Mwanangu daftari lake limejaa a e i o u, penseli anaishika kwa ngumi kama mchi na anakandamiza mpaka karatasi inatoboka. Nilikuwa nasema hana umakini. Vidole ambavyo havijawahi kukanda hata donge la unga, nguvu ya kushika penseli vitaitoa wapi? Maria Montessori, yule daktari wa Kiitaliano aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, alikuwa akiwapa watoto herufi zilizokatwa kwa karatasi ya msasa wazipitishie kidole kwanza. Kalamu ilikuja baadaye. Sisi tunaanzia kwenye kalamu, halafu tunagomba.

Jana nikakanda donge. Unga wa ngano ulioingia fukusi, kwa hiyo hakuna wa kunilaumu: vikombe 2, chumvi kikombe 1, mafuta kijiko, maji ya uvuguvugu nikiongeza kidogo kidogo mpaka ukaacha kunata. Chumvi inauzuia usioze upesi, na mtoto akiulamba mara moja harudii, ingawa ni vizuri kumkalia karibu maana chumvi yote hiyo si ya kula. Ila kwa unyevu wa pwani, leo asubuhi nimekuta umetota ndani ya kopo, ikabidi niongeze unga. Kunde na maharage sijampa kabisa. Jirani yangu alishakimbia zahanati usiku, punje ya kunde imo puani mwa mtoto.

Donge nalo alianza kulichoma kwa kijiti. Tundu, tundu, tundu. Mwisho akachomeka kidole kimoja kwenye tundu, akakichomoa, akakikagua. Sikusema kitu. Nilikalia mikono yangu, nisimfute.

Leo ndiyo ikawa leo. Shati lake la juzi lilikuwa na doa la manjano, nikalipaka sabuni ya kipande, doa likageuka jekundu hapo hapo kama ilivyo kawaida yake. Yeye alikuwa hajawahi kuona.

"Mama, damu!"

Nikamwambia si damu, ni manjano yamekutana na sabuni. Nikakamulia ndimu pale pale, wekundu ukarudi kuwa njano. Akanyamaza kabisa. Akaenda akaniletea kisosi mwenyewe, "Weka na hapa." Nikakoroga manjano kijiko kimoja na maji. Akachovya kidole, akakisugua kwenye sabuni, chekundu. Ndimu, cha njano. Tena. Mara ya nne akaona kidole kinamchelewesha, akazamisha kiganja kizima mpaka kwenye kifundo, matope ya manjano yanamchuruzika hadi kiwikoni, naye anacheka.

Halafu akamkimbilia bibi yake kumwonyesha, akamshika paja. Kwenye kanga, upande wenye maandishi, kikabaki kiganja kidogo chenye vidole vitano, cha njano iliyoiva.

Mimi nikasimama na ndoo, nasubiri. Mama mkwe akakitazama, akakipapasa.

"Jua litakitoa," akasema, tukageuka wote watatu kutazama nje, ambako mvua ndiyo kwanza inaongeza.