Jiko la kempa lilivyorudisha moto wake

Tukiwa kambini Arizona, jiko la kempa, yaani gari lenye makazi ndani, lilitoa moto mdogo kama wa mshumaa, na friji ya gesi ikagoma kabisa kuwaka. Mtungi wa gesi umejaa! Nikabadilisha mtungi, nikasafisha vichomeo, nusura ninunue regulata mpya, kile kifaa cha kupunguza shinikizo la gesi. Wapi!

Kumbe ni mkono wangu. Nilikuwa nafungua koki ya mtungi kwa pupa. Kifaa cha usalama kwenye kiungio cha mpira wa gesi na mtungi hudhani gesi inavuja, kinaibana.

Nikazima kila kitu, nikafunga mtungi, nikalegeza kiungio, nikasubiri dakika chache, nikakikaza tena kwa mkono. Kisha koki, polepole mno, jiko likiwa bado limezimwa. Nikapaka povu la sabuni kwenye kiungio: hakuna mapovu mapya. Moto ukarudi wa buluu, chai ikachemka.