Mwisho wa Reli na Dumu la Mawese

Mjomba wangu haamini runinga. Kwake yeye mechi ya Simba na Yanga huangaliwa kwa macho, na kama treni inafika huko inakochezwa, basi hakuna udhuru. Ndiyo maana mwaka 2021, ilipotangazwa kwamba fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam itapigwa Kigoma, Uwanja wa Lake Tanganyika, Jumapili ya Julai 25, simu yake iliingia kabla sijamaliza kuisoma habari yenyewe.

"Mjomba, jiandae. Tunakwenda mwisho wa reli."

Sisi ni watu wa Tabora. Yeye Simba tangu ujana, mimi Yanga, na kwa miaka yote hiyo tumeitana "mjomba" yeye na mimi, kwa hiyo mtu akitusikia tukibishana hajui nani mkubwa. Msimu ule kombe lilikuwa limeshapita mlangoni kwetu. Mwishoni mwa Juni, Yanga walicheza nusu fainali na Biashara United ya Mara pale Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, nami nilikwenda kwa miguu kutoka nyumbani, nikamwona Yacouba Songne akifunga bao pekee la mchezo. Simba walikuwa Songea, Uwanja wa Majimaji, wakiwatoa Azam kwa bao moja la Luis Miquissone. Songea ni mbali hata kwa mjomba. Aliisikiliza mechi ile redioni, akanuna siku nzima kana kwamba wamefungwa.

Hilo ndilo ninalolipenda kwenye kombe hili kuliko ligi: lina miguu. Fainali ya 2017 ilikuwa Dodoma, ya 2018 Arusha, ya 2019 Lindi, ya 2020 Sumbawanga, ambako Simba waliwafunga Namungo 2-1. Mtu wa Sumbawanga ambaye maisha yake yote Simba ilikuwa sauti ya mtangazaji, siku hiyo aliiona ikishuka kwenye basi. Sasa zamu ilikuwa ya Kigoma, tena si Simba na timu nyingine yoyote, bali watani wenyewe wawili.

Mjomba alinitumia nauli kwa simu. Tozo mpya za miamala zilikuwa zimeanza Julai 15, kwa hiyo pesa ilifika ikiwa imekonda, na yeye akanipigia kunilaumu mimi kana kwamba ndiye niliyeikata. Tukawekeana sharti: atakayefungwa atabeba mizigo yote ya kurudi. Sikuwa na wasiwasi. Julai 3, pale Uwanja wa Mkapa, Dar, Zawadi Mauya alikuwa amewafunga Simba bao moja, na ingawa wao ndio waliochukua ubingwa wa ligi kwa mara ya nne mfululizo, furaha ya siku ile ilikuwa haijanitoka.

Behewa letu lilikuwa la daraja la tatu, na tulipoingia Tabora wenzetu waliotoka Dar na Dodoma walikuwa wameshafanya makazi. Kanga zimetandikwa chini, vyombo vya chakula juu ya magoti, jezi nyekundu na za njano zimechanganyika kama shanga. Mjomba alipata nafasi kwa mbinu yake ya siku zote: anasalimia wazee wa behewa zima, mmoja mmoja, "shikamoo" hapa, "habari za safari" pale, mpaka mtu anaona aibu na kujisogeza.

Ubishi ulianza kabla ya Urambo. Kijana mmoja wa Dar, mwenye jezi ya Yanga kama mimi, alikuwa akilalamika kwamba mechi ya Kariakoo imepelekwa porini, uwanja mdogo, njia ndefu, mapato kidogo. "Dabi ni ya Mkapa," alisema. Mama mmoja aliyekuwa akirudi kwao Kigoma alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga kitenge chake vizuri, ndipo akamjibu:

"Mwanangu, wewe umesafiri mara moja tu kuja kwetu umechoka. Sisi tunasafiri kuja kwenu kila mwaka."

Behewa lilicheka, jekundu na la njano. Kijana naye akacheka, lakini hakurudia hoja ile mpaka tunashuka. Mimi nilikuwa upande wa mama. Msimu ule Kigoma haikuwa na timu hata moja Ligi Kuu, maana Mashujaa walipanda baadaye, mwaka 2023. Kwa mkoa usio na timu Ligi Kuu, hizi timu mbili ni habari za redioni tu.

Usiku sikulala sana. Kaliua, reli inapogawanyika moja ikaelekea Mpanda, treni ilisimama, watu wakashuka kunyoosha migongo. Mzee mmoja aliyekaa mkabala nasi alikuwa akieleza kwamba hili kombe si geni, zamani liliitwa Kombe la Nyerere, likafifia, kisha likafufuliwa msimu wa 2015/16 na Yanga wakaanza kwa kulichukua. Mjomba alijifanya amesinzia aliposikia sehemu hiyo ya mwisho. Nguruka tukaingiliwa na harufu ya samaki, wachuuzi wakipitisha mafungu dirishani kwa mwanga wa tochi za simu. Asubuhi ilitukuta Uvinza, penye chumvi, na kutoka hapo nchi ikaanza kupanda na kushuka. Sisi watu wa tambarare vilima vinatuchangamsha. Nilikaa dirishani kama mtoto.

Halafu ziwa. Tulishuka kwenye lile jengo la stesheni la enzi ya Wajerumani, na ukilipa kisogo unaliona Tanganyika limetanda, na kwa mbali, hewa ikiwa safi, milima ya Kongo. Reli hii ilifika hapa mwaka 1914, na haikuwa na pa kwenda tena. Ndiyo maana ya jina mwisho wa reli: ukitaka kuendelea, tafuta meli.

Gesti zote zilikuwa zimejaa. Tulizunguka mitaa ya Mwanga, mjini Kigoma, kwa bodaboda mpaka dereva mwenyewe akatuonea huruma, akatupeleka Ujiji kwa shangazi yake, ambaye alitupa chumba, akakataa kutaja bei, akisema tutampa tunachokiona. Wanaojua watakuambia hakuna bei ghali kuliko hiyo. Jioni alitupakulia ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese, na mjomba, ambaye nyumbani hulalamikia kila kitu mezani, hakusema neno mpaka sahani ikaonekana. Ujiji ndiko Stanley alikomkuta Livingstone mwaka 1871, na kuna kumbukumbu yao, lakini sikwenda kuiona. Watani niliowafuata mimi walikuwa wengine.

Mechi yenyewe nitaieleza kifupi kwa sababu bado inauma.

Uwanja ulijaa mapema mno. Waliokosa nafasi walipanda miti, na kila tawi likiyumba jukwaa lilipiga yowe kuliko lilivyopigia mpira. Mbele yangu walikaa kina mama wawili wauza dagaa ambao hawakuwa na jezi ya upande wowote. Walikuwa wamemjia Mukoko Tonombe, kiungo wa Yanga. "Huyu wa ng'ambo pale," mmoja aliniambia akionyesha upande wa ziwa, "ni wa kwetu." Kongo kwa watu wa Kigoma ni majirani, si nje ya nchi. Nikamkumbusha kwamba Simba nao wana Mkongo, Chris Mugalu. Akasema huyo naye wa kwao, ila leo hapana.

Yanga ya kocha Nabi ilianza kwa mchezo wa nguvu, Simba ya Gomes nayo haikukubali kusukumwa. Ulikuwa mchezo wa mabega na viwiko, na kiwiko ndicho kilichotuponza. Kabla ya mapumziko, Mukoko aligongana na John Bocco wa Simba, Bocco akaenda chini, na mwamuzi akatoa kadi nyekundu. Yule mama alisimama. Hakupiga kelele wala hakutukana. Alimtazama Mukoko akitembea kutoka nje mpaka akapotea, ndipo akakaa, akasema, "Basi wamemrudisha nyumbani mapema." Nimesikia uchambuzi mwingi wa kadi ile, wa kuitetea na wa kuipinga. Hakuna uliokaa kichwani mwangu kama sentensi hiyo.

Kipindi cha pili tulicheza kumi, na niseme ukweli, tulicheza vizuri. Nilianza kuhesabu dakika, kosa ambalo shabiki yeyote mzoefu hulijua. Zilipobaki kama kumi, Simba wakapata kona. Miquissone akapiga, Taddeo Lwanga, yule kiungo Mganda ambaye kazi yake ni kukaba na si kufunga, akaruka akaweka kichwa. Nyavu. Jukwaa la upande ule likawa moto mtupu. Mjomba hakunitania. Alinishika bega tu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Ikaisha 1-0. Simba wakalibeba kombe kwa mara ya pili mfululizo. Nilijipoza kwa hesabu: timu zote mbili zilishajihakikishia Ligi ya Mabingwa Afrika kwa nafasi zao kwenye ligi, kwa hiyo hakuna aliyepoteza tiketi ya Afrika. Ni hesabu nzuri, ila haimfai mtu anayetoka uwanjani akipita katikati ya vuvuzela za watani zake.

Usiku ule Mwanga haukulala. Nilichokiona, na ambacho sikukitegemea, ni kwamba wenye mji hawakugawanyika sana. Vijana wa jezi ya njano walikuwa wakichoma mishikaki na kuwauzia wa jezi nyekundu. Dereva wetu wa bodaboda, Yanga damu, alisema kwa wiki moja amepata abiria wa mwezi. Alitaka fainali irudi mwakani. Haikurudi. Ilikwenda Arusha, Yanga wakawatoa Coastal Union kwa penalti baada ya sare ya 3-3, na hiyo nayo sikuikosa, lakini hiyo ni safari nyingine.

Kurudi hatukungoja treni. Tulipanda basi asubuhi, na mjomba, akijua sharti letu, alikuwa amepita sokoni alfajiri. Alinunua dumu la mawese la lita ishirini, mafungu mawili ya dagaa, na vitenge vya shangazi, mama mkubwa na majirani ambao siwajui. Dumu lilikuwa halifungi vizuri. Nililipakata vumbi lote la njiani, na tulipovuka Daraja la Kikwete juu ya Malagarasi, basi likirukaruka, mawese yalitoka kwenye kifuniko yakanichora mstari mwekundu kwenye jezi yangu ya njano, kuanzia kifuani hadi kiunoni.

Mjomba aliutazama ule mstari kwa muda mrefu. Kisha akatoa leso mfukoni, akanipa, akageukia dirishani kwa heshima zote ili acheke bila mimi kumwona.