Jumapili niliyoikosa fainali ya AFCON

Tiketi haikuwa yangu. Ilikuwa ya dada wa mama mmoja niliyekuwa nafanya naye kazi katika nyumba ya kulea wazee, hapa Columbia, South Carolina. Yeye Mmarekani mweusi wa huku huku, amenizidi miaka mingi, nami nilimwita Mama tu, kwetu mtu wa umri ule humwiti kwa jina. Jumamosi jioni akanipigia simu: dada yake kalala na mafua, kiti kiko wazi, kesho Chuo cha Connecticut wanakuja kucheza kikapu na wasichana wa Chuo Kikuu cha South Carolina, nijiandae. Hakuniuliza kama nina nafasi.

Kesho yake ilikuwa tarehe 11 Februari 2024. Mpenda soka yeyote wa kwetu anaikumbuka: fainali ya AFCON, Ivory Coast na Nigeria. Taifa Stars ilishaaga mapema kwenye makundi, lakini majirani zetu Wakongo walikuwa bado na kidonda, maana Jumatano yake Ivory Coast walikuwa wamewatoa nusu fainali kwa bao 1-0. Televisheni kubwa iko kwetu, kwa hiyo sebule ilikuwa imejaa tangu mchana.

"Dada, unaacha fainali unaenda kuangalia wasichana?" shemeji mmoja akaniuliza pale mlangoni.

Nikamwambia sambusa ziko jikoni, wasizimalize.

Nilijua ni mechi ya chuo, ya wanawake, tena siku ambayo Wamarekani wenyewe wana Super Bowl yao jioni, fainali ya futiboli ya Kimarekani. Nikajua tutajichagulia viti. Tulipofika karibu na Colonial Life Arena magari yalikuwa hayasogei. Ukumbi ule unachukua watu 18,000, na tiketi zilikuwa zimekwisha zote. Vikongwe wenye mikongojo, wazee wa kanisani, watoto wamepakwa rangi mashavuni, kila mtu kavaa nyekundu iliyoiva ya timu, yenye jogoo kifuani.

Nje ya ukumbi ipo sanamu ya A'ja Wilson, binti wa eneo hili aliyewapa South Carolina ubingwa wao wa kwanza mwaka 2017. Mama alinisimamisha pale kwa makusudi. Akaniambia bibi yake A'ja alikua enzi za ubaguzi, na mtoto mweusi alikuwa haruhusiwi kukatiza katika chuo hiki, ilibidi azunguke. Sasa mjukuu wake kasimama hapo kwa shaba. Kisha akanivuta mkono, tutachelewa.

Dawn Staley, kocha wa timu, nilikuwa namfahamu kwa jina tu. Nilitegemea kuona pande la mtu. Kumbe ni mfupi, mita 1.68, na wachezaji wake wakimzunguka unampoteza. Mimi nami nilikuwa mfupi hivyo hivyo nilipocheza kikapu sekondari hadi UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, na kwa ufupi huo nafasi ni moja tu, ile tuliyokuwa tunaiita namba moja: unaupandisha mpira na kuichezesha timu. Staley alikuwa namba moja maisha yake yote ya uchezaji. Kwa hiyo robo ya kwanza yote macho yangu hayakuwa kwa Paige Bueckers wa Connecticut, ambaye wengine walikuja kumwona yeye, bali kwa yule mwanamke mfupi pembeni ya mstari. Wakati wa ulinzi alikuwa ananyoosha mkono kwenye eneo tupu, hakuna mtu. Sekunde mbili baadaye pasi inakwenda pale pale, na msichana wake keshafika. Nikamwonyesha Mama. Akacheka, akaniambia huyo bado anacheza, ila siku hizi anatumia miguu ya wengine.

Mama alikuwa amemwona akicheza kweli. Charlotte haiko mbali kutoka hapa, na Staley alikuwa na Charlotte Sting mwaka 2001 walipofika fainali ya WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake, wakafungwa na Los Angeles Sparks. Ajabu ni kwamba wakati huo alikuwa tayari kocha. Tangu mwaka 2000 alikuwa anafundisha Chuo cha Temple, kwao Philadelphia. Majira ya baridi anafundisha, ya joto anarudi kucheza, na mwaka 2004 akaenda Athens kuchukua dhahabu yake ya tatu ya Olimpiki. Sikuelewa aliwezaje, na Mama naye hakuwa na jibu. Alipohamia South Carolina mwaka 2008, msimu wa kwanza alishinda mechi 10 akapoteza 18. Mama anasema miaka hiyo ungeweza kulaza koti lako kwenye kiti cha pili na begi kwenye cha tatu.

Robo ya nne simu ikatetemeka: Nigeria moja. Nikaizima, kwa sababu MiLaysia Fulwiley alikuwa na mpira. Huyu ni mtoto wa hapa hapa Columbia, ulikuwa mwaka wake wa kwanza chuoni, na kila akiugusa mpira watu walikuwa wanasimama kabla hajafanya lolote. Mbele yetu mzee mmoja alikuwa anamwita "mwanangu" kwa sauti kana kwamba kweli kamzaa. Mwisho ikawa 83-65. Msimu ule hawakufungwa na mtu. Wakamaliza mechi 38 bila doa.

Garini Mama akanihesabia mshahara wa kocha kama wake: mwaka 2021 aligoma kulipwa chini ya kocha wa wanaume, akapata mkataba wa miaka 7 wa dola milioni 22.4. Halafu akaniuliza mimi nilifundishwa na nani.

"Mwalimu wa jiografia."

"Alikuwa anajua kikapu?"

Alikuwa anajua filimbi. Alikuwa mtu mwema, alitununulia maji kwa pesa zake, na sheria za mchezo alizisoma kwenye karatasi iliyokunjwa mfukoni. Mama akauliza wenzangu wako wapi sasa, wale wazuri. Nikaanza kuwataja: mmoja yuko benki Mwanza, mwingine ana duka la vitambaa Morogoro, yule mrefu aliyekuwa anatuokotea ribaundi zote aliolewa Muscat. Hakuna aliyerudi uwanjani kufundisha, na sikuwahi kuliona hilo hadi nilipoulizwa.

"Na wewe?" Mama akasema.

Nikamwambia zamu za usiku. Akaguna. Tulipofika kwangu, Ivory Coast walikuwa wanaongoza 2-1 na kelele zilisikika hadi barabarani. Akaahidi kwamba dada yake akiwa bado mgonjwa Jumapili inayofuata, kiti ni changu tena.

Dada yake alipona Alhamisi.