Siku moja maishani mwangu: santuri tano mkobani

Saa 1:30 asubuhi. Basi limejaa, nimesimama, mkoba nimeukumbatia kifuani kama mtoto. Ndani mna santuri tano za majaribio zilizofika jana kutoka kiwandani. Tukipita Brixton nageuza shingo kuitazama sinema ya Ritzy. Mwaka 1972 ikiitwa Classic, na hapo ndipo Waingereza walipoanza kuiona The Harder They Come, filamu ya Jamaika. Mwanzoni watu hawakuja, ikabidi mwongozaji mwenyewe, Perry Henzell, agawe vipeperushi mtaani. Leo kampuni ndogo ninayofanyia kazi hapa London inatoa upya muziki wa filamu hiyo. Kazi yangu ni kusikiliza na kuhakiki majina.

Saa 3. Chumba cha kusikilizia. Nafuta vumbi, nakagua sindano, nafunga mlango. Santuri ya majaribio haina jalada wala picha, katikati pamebandikwa karatasi nyeupe tu. Nyimbo ni 12, sita kila upande, na zote nimezihifadhi kichwani, jambo ambalo ni hatari kwa kazi hii: sikio lililozoea husamehe. Kwa hiyo naandika dakika na sekunde ya kila mkwaruzo. Mkwaruzo ukitokea mahali palepale kwenye santuri ya pili na ya tatu, hilo si vumbi, ni kosa la kiwandani.

Upande A unakwenda vizuri mpaka wimbo wa sita, ule uliobeba jina la filamu. Uko mwisho kabisa, karibu na kitovu. Santuri huzunguka kwa kasi ileile, mara 33 na theluthi kwa dakika, lakini duara la ndani ni dogo, kwa hiyo sindano hupita kwenye kipande kifupi zaidi cha mfereji uliobeba sauti kwa muda uleule. Sauti nyembamba hubanwa. Mwimbaji wake, Jimmy Cliff, anapopandisha sauti, kila "s" inatoa mlio kama wa kitunguu kwenye mafuta ya moto. Nasikiliza tena kwa hedifoni. Ipo. Upande B nao unafungwa kwa wimbo huohuo.

Njia rahisi ingekuwa kuusogeza mbele. Siwezi. Mpangilio ule ni sehemu ya kazi yenyewe, watu wamekua nao. Naandika: mifereji ya pande zote mbili ikatwe upya, sauti ishushwe kidogo. Wiki mbili zaidi za kusubiri. Mkuu wangu anasoma, anashusha pumzi, anatia saini. Namshukuru sana kwa hilo.

Saa 6:30. Wali, barua pepe, chai.

Saa 8. Majina. Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Katika filamu, Ivan ni kijana wa shamba anayefika Kingston akitafuta kuimba. Anarekodi wimbo mzuri, na mwenye studio anamlipa dola 20. Sasa mtu atoe santuri ya filamu hiyo na majina ya wanamuziki yawe na makosa? Kwangu hiyo ni dhuluma ileile kurudiwa.

Naanza na wimbo wa pili, Draw Your Brakes wa mwimbaji Scotty. Sauti zinazoimba nyuma ya maneno yake ni za waimbaji wawili, Keith na Tex, kutoka wimbo wao Stop That Train. Wasikilizaji wengi hawalijui hilo, kwa hiyo nimeomba waelezwe kwenye kijitabu cha ndani. Halafu Rivers of Babylon: waliotunga ni Brent Dowe na Trevor McNaughton wa kundi la Melodians, wakichota kutoka Zaburi. Kwenye nakala za kwanza za Boney M, kundi lililourudia wimbo huo mwaka 1978, majina yao hayakuwepo, yaliongezwa baadaye. Rasimu yetu ya jalada imeangusha herufi moja ya McNaughton. Naizungushia kalamu nyekundu, nairudisha, naomba nitumiwe nyingine leo hiihii.

Saa 11. Rasimu mpya imekuja. Naisoma kutoka chini kwenda juu, jina moja moja, kwa sauti. Safi.

Saa 1 usiku. Nikiwa kituoni nampigia mjomba Tanga, ambako ni saa 3.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa leo."

Namweleza kazi ya siku. Ananikatiza: "Wa Babeli? Huo si wa Boney M?"

"Hapana mjomba, wao waliuimba baadaye. Wenyewe ni Melodians wa Jamaika, miaka minane kabla."

"Lo! Miaka yote hii! Hebu nitumie niusikie."

Namtumia. Basi linakuja, napanda, naketi. Mjomba anajibu kwa ujumbe wa sauti: hasemi neno, anaimba tu, polepole kama Melodians.